Mguu wa Kushukia

Mwanaidi na Kombo, sanduku la chanjo sasa ni lenu, na baiskeli pia. Sista Grace, msimamizi wa zahanati yetu, ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi niliyoifanya. Nilimkumbusha kwamba shule niliiachia darasa la saba. Akasema waliosoma zaidi wameandika mpango kazi mnene kama tofali na hakuna aliyefika katikati. Basi naandika. Habari za vyeo sitazigusa, kwa sababu siku ya kwanza cheo changu kilikuwa mbeba sanduku na siku ya mwisho kilikuwa mbeba sanduku. Nitaandika juu ya pedali. Mtaulizwa habari za pedali na watu ambao hawajawahi kufika Pate, na ni vizuri mjue la kuwajibu.

Nilikuja hapa kutoka bara kama kibarua wa kuchimba msingi wa nyumba ya wauguzi. Msingi tulimaliza. Nyumba bado haijaanza, na mbuzi wa jirani wamekwisha kuuzoea msingi kama kwao. Wenzangu walirudi bara, mimi nikabaki, kwa kuwa Bwana Shee, aliyekuwa akibeba sanduku, alihitaji msaidizi. Kazi mnaijua. Chanjo hutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwa boti, imelazwa kwenye barafu. Unaipokea gatini Mtangawanda, unaiweka kwenye kikapu cha mbele, unaileta mjini kabla barafu haijawa maji. Ukirudi gatini unapeleka makohozi ya wagonjwa yakapimwe. Mtaniuliza mbona tusitumie pikipiki ya zahanati, ile iliyoegemea mwarobaini. Ni pikipiki nzuri sana. Petroli yake huja kwa boti, na boti huja na kila kitu isipokuwa petroli yake.

Bwana Shee alikuwa mtu mwembamba wa hapa hapa Pate, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, nzito, na pedali zake zilikuwa za mbao. Zile za dukani ziliisha mpira zamani, yeye akachonga vipande viwili vya mkoko, vipana kama kiganja, akavitoboa na kuvikaza kwenye vyuma vya katikati. Asubuhi ya kwanza alinikabidhi baiskeli hiyo akakaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Wajua kupanda?"

"Najua."

"Kupanda hata mbuzi hupanda. Nionyeshe kushuka."

Nikapanda, nikazunguka, nikashuka.

"Hapo hukushuka," akasema. "Hapo umeanguka ukiwa wima. Rudia."

Nilirudia mpaka jua likawa kali. Unautoa mguu wa kulia, unaupitisha nyuma ya kiti, unasimama kwa mguu wa kushoto juu ya pedali wakati baiskeli bado inakwenda, kisha unakanyaga chini bila kishindo, kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Mguu wa kushoto aliuita mguu wa kushukia. Nilidhani ananitania mgeni. Siku ya pili tulipokwenda gatini pamoja ndipo nikaelewa.

Kutoka zahanati hadi Mtangawanda, mtu asiyesimama hatumii saa nzima. Lakini mtu wa namna hiyo sijamwona. Hapa aliye juu ya baiskeli hamsalimu mzee aliye chini. Anashuka, anasalimu, anaulizwa habari za nyumbani na za wazazi walioko bara, anajibu, anapanda tena. Tulishuka kwa Bi Rukia, ambaye baraza yake ni ya mwisho kabla ya makaburi na mashamba ya tumbaku. Tulishuka kwa mzee aliyekuwa akishona wavu. Tulishuka kwa punda wawili waliobeba mawe, na hapo si kwa heshima, ni kwa sababu ndia, ndiyo njia kwa Kipate, yote ilikuwa yao. Tulipofika penye makaburi Bwana Shee alishuka tena, ingawa hapakuwa na mtu.

"Jeneza likikukuta njiani," akasema, "hushuki tu. Baiskeli unaiacha palipo na nafasi, unatia bega. Hata hatua chache zatosha."

"Hata nikiwa na sanduku?"

"Hata ukiwa nalo. Barafu itakungoja kidogo. Yule hana siku nyingine."

"Mimi ni Mkristo, Bwana Shee."

"Nimekuomba bega, Mutua. Sikukuuliza dini."

Wiki niliyoanza kwenda peke yangu nilikuwa na haraka ya mtu mpya anayetaka asifiwe. Nikampita Bi Rukia nikimpungia mkono. Nilipofika zahanati habari zilikuwa zimeshafika na kukaa kitako. Kesho yake aliniita.

"We Mutua, ndoo hapa. Jana ulipita juu yangu kama kunguru. Mato yako yalikuwa wapi?"

"Nilikuwa na haraka, Bi Rukia. Barafu."

"Barafu. Miaka yote Shee apita hapa na barafu, na kila siku aniuliza goti langu. Hebu niulize goti."

Nikamuuliza goti. Lilikuwa na habari ndefu. Chanjo ilifika salama, na tangu hapo sikupita tena kama kunguru.

Macho yalipoanza kumsumbua, Bwana Shee aliniachia kazi. Baiskeli nyeusi ilikuwa mali yake, akaenda nayo. Mimi nilipewa nyingine ya ofisi, yenye pedali za plastiki, bapa, laini kama sabuni. Kiangazi hazikunisumbua. Masika ilipoingia, ndia ya mashambani ikawa uji. Mguu uliteleza kila nilipokaza, pedali ikazunguka na kunigonga muundi wa mguu, na mara mbili sanduku lilikaribia kuruka nje ya kikapu. Makovu bado ninayo.

Ndipo nikatengeneza mikanda. Nilikata mpira wa ndani wa gurudumu, nikaufunga juu ya kila pedali ili vidole viingie chini yake. Mguu ukatulia. Tatizo lilikuwa kandambili. Nilipotaka kushuka mguu ulitoka na kandambili ikabaki, au ilianguka nyuma bila mimi kujua. Bi Rukia aliziokota na kuzipanga kwenye baraza yake.

"Leo tumepata wa kulia," alikuwa akisema. "Ukinipa na wa kushoto ntafungua duka."

Nilimpelekea Bwana Shee mikanda aione. Wakati huo alikuwa anaona kivuli cha kitu tu, kwa hiyo aliipapasa. Akasema ni kazi nzuri, lakini nimefunga mguu mmoja zaidi. "Wa kulia ufunge, tena uulegeze, utoke kwa kurudi nyuma. Wa kushoto usiufunge kamwe. Huo si wako. Huo ni wa watu wa njiani."

Nikaukata mkanda wa kushoto. Kwa njia hiyo nilifanya kazi miaka mingi, na kama hadithi ingeishia hapo kurasa hizi zingekuwa mbili.

Kisha ukaja mradi. Sitautaja jina, na isitoshe ulibadilisha jina mara mbili nikiwa ndani yake. Mradi uligundua kwamba chanjo visiwani husafiri polepole, na baada ya kutafakari sana huko Nairobi ukapata sababu: pedali. Tukaitwa Amu kwa semina ya siku mbili. Tulikaa chini ya feni, tukala sambusa, na kijana mmoja mchangamfu aitwaye Kelvin akatuonyesha ukutani picha ya mwendesha baiskeli kwenye barabara ya lami iliyoteremka mlimani. Hakukuwa na mtu mwingine hata mmoja kwenye barabara ile. Nilimwonea huruma mwendeshaji, hana wa kumuuliza goti.

"Wazee wangu," Kelvin akasema, "pedali ziko aina tatu. Bapa, hizo ni za kizamani, mguu ukiinuka nguvu inapotea. Za mkanda, hizo ni nusu safari. Halafu kuna za kunasa. Hizi ni noma."

Akatuonyesha kiatu chenye soli ngumu na kipande cha chuma chini yake. Unakanyaga, chuma kinang'ata pedali, na mguu hautelezi wala hautoki mpaka uzungushe kisigino kwa nje.

"Wewe na baiskeli mnakuwa kitu kimoja," akasema.

"Na nikitaka tuwe vitu viwili?" nikauliza.

"Kisigino nje, tap! Umetoka."

"Na nikitakiwa kusimama kila baada ya nyumba nne?"

Akacheka kwa wema. "Mzee, hutasimama. Hiyo ndiyo raha yake."

Bwana Lali, mvuvi wa Ndau anayejitolea kwenye zahanati ya kwao, akanyoosha mkono. "Sisi tumepewa baiskeli nne. Kijiji chetu mtu akizunguka, arudi chai yake ingali moto. Baada ya hapo ni bahari. Je, pedali hizi zaweza kufungwa kwenye boti?" Kelvin alisema ni swali zuri na akaliandika. Nasikia bado limeandikwa.

Nami nilipewa baiskeli ya gia yenye pedali hizo. Viatu vilikuja vya ukubwa mmoja, kwa kuwa mtaalamu alikuwa ametafuta wastani wa miguu yetu. Ukumbi mzima haukuwa na mtu mwenye mguu wa wastani. Mimi nilijaza magazeti. Nikatia sahihi kwamba nitazijaribu pedali kwa mwezi mmoja kisha nijaze fomu, na kwa fomu hiyo ingeamuliwa wabeba masanduku wa visiwa vyote, na wale watakaotufuata, wapande nini. Kwa hiyo ninyi wawili mlikuwa ndani ya fomu ile hata kabla hamjaajiriwa.

Siku za mwanzo Pate ilipata burudani. Nilitembea juu ya mawe nikilia kwa-kwa-kwa. Bi Rukia alisema alidhani ni punda na alikuwa ameshaandaa matusi. Mlangoni mwa watu, ambako kiatu huvuliwa kwa kidole cha mguu wa pili, nilikuwa nikikaa chini kufungua kamba na vibandiko vya kushikiza mpaka mwenyeji akamaliza salamu zote, zake na zangu. Lakini sitawaficha ukweli. Kwenye mashamba ya tumbaku, saa za jua kali wakati hakuna mtu nje, baiskeli ile iliruka. Sikuwahi kwenda mbio namna ile nilipokuwa kijana. Na baada ya wiki mbili kisigino kilizoea. Nilikuwa nainasua miguu mapema, mbali kabla ya baraza ya Bi Rukia, na kushuka bila aibu.

Mwezi huo huo Bwana Shee alilala kitandani kwa kifua na hakuinuka tena. Nilipita kwake kila nikitoka gatini. Alinisikia tangu uchochoroni.

"Hizo ni ziatu au ni kwato?"

"Ni viatu vya mradi."

"Nipe kimoja." Akakipapasa, akagusa chuma kwa ncha za vidole. "Chang'ata?"

"Kinang'ata. Lakini najua kukifungua."

"Mutua, siku yangu ikifika, utanitilia bega?"

"Nitatia."

"Na hizi?"

"Nitazivua."

"Usichelewe kuvua," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Mkewe, Bi Khadija, alinitazama kwa jicho la kuniaga, nikatoka. Njiani sikuwa na fikira nyingine. Bega langu nilikuwa nimemwahidi mtu mmoja tu katika kisiwa hiki, naye ndiye aliyenifundisha kulitumia.

Siku yenyewe nilikuwa Mtangawanda nikingoja boti. Maji yalikuwa yamekupwa. Simu ikalia, ni Bakari, mdogo wake Bwana Shee.

"Mutua, Shee ametutangulia. Tunamswalia alasiri, tukitoka hapo tunazika. Uko wapi?"

"Gatini. Boti haijafika."

"Basi fanya upesi."

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeliacha sanduku. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na gatini hapakuwa na mtu mwingine wa kulipokea. Bwana Shee asingeliacha. Nikangoja. Boti ilipokuja, maji yalikuwa machache, ikasimama mbali. Siku nyingine zote mimi huvua viatu, hukunja suruali, na kuingia majini. Siku ile niliona kamba zote zile za kufungua na kufunga tena, nikaingia na viatu. Nikarudi na sanduku kichwani, tope na mchanga vimejaa chini ya soli. Chuma kilikataa kunasa. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote mpaka kikalia. Kosa hilo ni langu. Pedali haikuniambia niingie topeni.

Sijui nilifikaje mashambani. Ninachojua ni kwamba kwa pedali bapa nisingewahi, na kwa mkanda wangu nisingewahi. Zile za kunasa ndizo zilizonifikisha. Mbele ya baraza ya Bi Rukia nikawaona wanatoka mjini kuja makaburini, wanaume wengi, na jeneza juu ya mabega linakuja upesi kama ilivyo desturi. Nikazungusha kisigino cha kushoto. Hakikutoka. Nikazungusha cha kulia. Mchanga ulikuwa umeshikana na chuma kama saruji. Baiskeli ilipoteza mwendo, nikalikumbatia sanduku, tukaenda chini sote watatu, ubavu wa kushoto.

Watu wa jeneza hawasimami. Nilichoona kutoka pale ni miguu: kandambili, makubadhi, vidole vyenye vumbi. Nilisikia jina la Mungu likisomwa juu yangu, kisha likanipita. Nilikuwa chini kabisa, na bado sikuwa nimeshuka.

Mtu mmoja wa nyuma aliinama, akalichukua sanduku mikononi mwangu na kuliweka kivulini kwenye baraza. Nikang'oa vibandiko, nikakata kamba kwa meno, nikaitoa miguu na kuviacha viatu vimeng'ang'ania pedali. Nikakimbia peku juu ya mawe. Nilipofika ukuta wa makaburi alikuwa ameshateremshwa.

Nilisimama nyuma mpaka wakamaliza. Bakari alinijia na udongo mikononi.

"Umeumia?"

"Nimechelewa."

Alinitazama miguu, ilikuwa ikitoka damu. Hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo.

"Kumpeleka umechelewa," akasema. "Lakini jeneza larudi msikitini. Shika hapa mbele."

Jeneza tupu ni jepesi, watu wawili wanalibeba wakizungumza. Mimi na Bakari hatukuzungumza. Nililibeba kwa bega lile lile nililoahidi, taratibu, kama kwamba lina mtu. Tulipita kwenye baraza ya Bi Rukia. Kuna aliyeisimamisha baiskeli na kuiegemeza ukutani, viatu vyangu viwili vikiwa juu ya pedali. Mlangoni mwa msikiti waliotoka ndani walilipokea. Niliinama kuvua viatu, kwa mazoea tu, nikakuta sina.

Sanduku nililifungua zahanati jioni hiyo. Barafu ilikuwa bado barafu. Kliniki ilikwenda vizuri.

Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye nyumba ya msiba siku zote tatu. Aliporudi kwenye baraza yake nilishuka kumpa pole, nikiwa na kandambili mpya.

"Nimeambiwa baiskeli yako ilikuwa hapa na ziatu juu yake, mtu hayupo," akasema. "Nani alikuwa akiendesha?"

"Hata mimi sijui, Bi Rukia."

Akasogea kunipa nafasi. Ilikuwa mara ya kwanza kunikaribisha kukaa. Hatukuliongelea goti.

Fomu nikaijaza. Ilikuwa na visanduku vya kasi, uchovu na usalama wa mzigo. Kwenye kasi niliandika kwamba pedali hizi zinashinda zote, na kwamba ziliniwahisha mahali ambapo nisingewahi. Kwenye usalama wa mzigo niliandika salama. Chini kabisa, penye mistari miwili ya maoni mengine, niliandika: "Siku ya maziko ya Bwana Shee nilifika kwa wakati, nikashindwa kushuka. Topeni niliingia mwenyewe."

Kelvin alinipigia simu.

"Mzee wangu, pole sana kwa msiba. Hii ya mwisho sasa, niiweke wapi kwenye jedwali?"

"Iweke penye habari za kushuka."

"Hakuna hapo. Tuko na kasi, uchovu, na mzigo."

"Basi ongeza."

Alisema atajaribu, na naamini alijaribu, ni kijana mzuri. Ripoti ilipotoka nilipelekewa nakala yenye picha yangu ambayo si yangu. Ilisema mtumiaji wa Pate amesifu kasi. Ni kweli, nilisifu. Pedali nyingine zimekuja tangu hapo, na Ndau wamepewa za ziada.

Baada ya siku arobaini Bi Rukia alinisimamisha tena. Bi Khadija alikuwa bado katika eda, hatoki, akamtuma yeye. Alinipa kitu kizito kilichofungwa kwenye kipande cha leso. Zilikuwa pedali za mbao.

"Amesema baiskeli imeuzwa, hizi hazikuuzwa."

Nilizifunga siku hiyo hiyo kwa spana ya ofisi. Mkizifungua kuzitia grisi, kumbukeni ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha mlivyozoea. Kwenye semina hawakulitaja hilo. Kwa pedali hizo nimemalizia kazi yangu, baiskeli ya mradi yenye gia nyingi na miguu ya mkoko.

Zile za kunasa ziko kwenye droo ya chini, pamoja na viatu vyake na magazeti yake. Nimezisafisha mchanga. Siwakatazi. Ikiwa siku moja mna mgonjwa na ndia ni tupu na kavu, huenda zikawafaa kuliko kitu chochote nilichonacho. Mkanda wa kulia nimeuning'iniza msumarini, ni wa masika. Mtachagua wenyewe.

Ila pedali ya kushoto, ile ya mbao, mtaona imelika pembeni kwa miaka ya kushuka, mpaka ikawa na kishimo kidogo cha kukalia wayo. Kombo ameshaniambia atanichongea nyingine iliyo sawa. Usichonge, Kombo. Panda, ukifika kwa Bi Rukia simama humo, ushuke.